CD Imekufa, ao Mlango Umefungwa?



Katika nyumba nyingi za kwetu Fizi, ukitazama juu ya kabati ao chini ya nguo ndani ya sanduku, utakuta CD. Moja iko ndani ya mfuko wa plastiki, nyingine imefungwa kwa kitambaa pamoja na cheti cha shule na karatasi za kiwanja. Juu yake mtu aliandika kwa wino: "Arusi", ao "Matanga ya babu", ao "Kwaya". Miaka imepita hakuna anayeisikiliza. Ukiuliza sababu gani, watu wa nyumba wanajibu: "Mashini za kuicheza hazipo tena." Wengine wanasema tu: "Imekufa hiyo."

Mimi nina sekretaria kidogo hapa mjini. Napiga barua za watu, natoa fotokopi, naandikia vijana maombi ya kazi. Kati ya mashini zangu iko kompyuta moja ya zamani, ile yenye sanduku kubwa chini ya meza na kioo chake juu. Vijana wakiiona wanacheka. Lakini kompyuta nyingi za sasa, zile za kubeba mkononi, hazina mahali pa kuingiza CD. Ile mzee yangu inapo. Ni kile kisanduku cha mbele kinachotoa ulimi nje ukibonyeza kifungo chake. Hapa tunakiita lekteri.

Juu ya lekteri hiyo nataka kuzungumza nanyi leo. Ni kitu kidogo, lakini kwa familia nyingi ndiyo mlango wa ghala.

Ndani ya CD mna nini?

CD zilianza kuuzwa mwaka wa 1982. Kampuni mbili zilizitengeneza pamoja, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Upana wake ni sentimeta 12 tu. Lakini ndani yake kuna mstari mmoja mwembamba sana, unaozunguka na kuzunguka toka katikati hadi kando. Kama ungeweza kuunyosha, ungepita kilomita 5! Lekteri inapiga mwanga wa laza juu ya mstari ule, na jicho lake linasoma alama moja moja. Ndivyo sauti na picha zinavyotoka. CD moja inachukua megabaiti 700 hivi. DVD, ndugu yake, inachukua gigabaiti 4.7.

Ninyi mnaokaa karibu na mashimo ya Misisi mtafurahi kusikia jambo hili. Ili mwanga urudi, sharti CD iwe na ngozi ya chuma inayong'aa. CD za kiwandani zina alumini. Zile tunazoandika wenyewe mara nyingi zina feza. Lakini watengenezaji wengine walitia dhahabu kabisa, kwa sababu dhahabu haishikwi na kutu. CD za namna hiyo ziliuzwa kwa bei kubwa, nazo ziliwekwa zaidi na watu wa kutunza maandiko ya zamani. Za kwetu si za dhahabu. Kwa hiyo zinaweza kuharibika, na hatupashwi kungoja.

Ugonjwa uko wapi?

Mama mmoja mjane alikuja kwangu na CD ndani ya bahasha. Yeye na mume wake walifungia arusi katika kambi ya Lugufu, upande wa Kigoma, mwaka wa 2006. Mnajua namna watu wengi wa Fizi walivyovuka ziwa tangu vita ya 1996, na namna meli zilivyoanza kuwarudisha hapa Baraka toka mwaka wa 2005. Hao wawili walirudi na mtoto mmoja, sufuria mbili, na CD ya arusi. Baadaye mume akaenda kuchimba dhahabu. Shimo likaanguka. Mtoto wa mwisho alizaliwa nyuma ya matanga, hajasikia sauti ya baba yake hata siku moja.

Mama alikuwa amekwisha kupita kwa fundi mwingine. Akaniambia: "Yaya, banasema hii CD iko mufu, niitupe. Miye siwezi. Ndani njo iko sauti ya baba ya batoto."

Nikamjibu: "Mama, ngoja kwanza. Pengine CD iko muzima, ni mashini njo iko na ugonjwa."

Kumbe lekteri yangu nayo ilikuwa imechoka. Ulimi ulitoka kwa shida, na ndani ilizunguka bila kusoma. Basi, tukafanya jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya. Chukua CD tatu ao ine za watu mbalimbali. Kama moja tu inakataa, ugonjwa uko katika CD ile. Kama zote zinakataa, ugonjwa uko katika lekteri. Zetu zilikataa zote, hata moja mpya. Tukajua kwamba mlango ndio umefungwa. Mali ndani ya nyumba hatujaihukumu bado.

Lekteri inazeeka kwa sababu zinazojulikana. Vumbi linafunika jicho lake. Laza yenyewe inapunguka nguvu. Tena ulimi unavutwa na kamba ndogo ya mpira, na mpira ule ukilegea, ulimi unakwama. Ulimi ukikwama na CD ya mtu ndani, usiuvunje kwa kisu! Zima mashini, tazama mbele, utaona katundu kadogo. Nyosha waya wa kubania karatasi, usukume humo polepole, ulimi utatoka wenyewe.

Kazi ya turnevisi

Kwa bahati niliweka nyumbani kompyuta nyingine iliyokufa kwa umeme wa jenereta, lakini lekteri yake ilikuwa nzima. Nikaita vijana wawili wa mtaa, nikawaambia: "Leo mtajifunza."

Kwanza tulizima mashini na kuchomoa waya wa umeme kabisa. Kisha kila mmoja aligusa chuma kitupu cha sanduku. Kwa nini? Mwili wa mtu unaweza kubeba umeme mdogo asiousikia, lakini vitu vya ndani ya kompyuta vinausikia. Tulifungua ubavu wa sanduku. Kijana mmoja akataka kuvuta nyaya upesi. Nikamkumbusha: haraka haraka haina baraka, hata kwa sisi wenyeji wa Baraka!

Nyuma ya lekteri ya zamani mnaingia nyaya mbili za lazima. Ya kwanza ni pana kama utepe, yenye matundu 40, ndiyo inayopitisha habari. Ya pili ina matundu manne, inaleta nguvu ya umeme. Kando ya utepe kuna mstari wenye rangi, mara nyingi nyekundu. Kwa kawaida mstari huo unaelekea upande wa waya wa nguvu. Tena kuna kipini kidogo sana kinachoonyesha kama lekteri ni mkubwa ao mdogo juu ya utepe ule, maana vyombo viwili vinaweza kukaa kwenye utepe mmoja, na viwili haviwezi kuwa wakubwa. Njia nyepesi ni hii: tazama kipini cha lekteri ya zamani kilipokuwa, uweke kile cha nyingine mahali pale pale.

Kama kompyuta yako si ya zamani sana, utakuta nyaya nyembamba za SATA badala ya utepe. Hizo hazina mkubwa wala mdogo, na zinaingia upande mmoja tu. Lakini lekteri ya utepe haiingii kwa waya wa SATA, wala ya SATA kwa utepe. Basi, mbele ya kununua, fungua kwanza uone yako ni ya namna gani. Wengi wamepoteza feza hapo.

Tulitoa visi vine, viwili kila upande, tukaisukuma ya zamani itoke kwa mbele. Ile nyingine ikaingia kwa njia ile ile. Visi vile vile vikarudi, maana visi virefu vinaweza kuumiza vitu vya ndani. Tulipowasha, Windows ikaitambua yenyewe. Na kama mbele ya sanduku kuna nafasi nyingine tupu, mtu anaweza kuongeza lekteri ya pili bila kutoa ya kwanza.

Mambo mawili msiyajaribu, vijana. Msifungue kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, sababu kinaweka umeme hata nyuma ya kuchomoa waya. Tena msifungue lekteri inayozunguka na kutazama laza yake kwa macho.

Sauti ikatoka

Hatukuanza na CD ya mama. Tulijaribu kwanza na CD ya muziki isiyo na mwenyewe. Ilipopiga vizuri, tukapangusa ya mama kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda kando, si kwa kuzungusha. Tukaiingiza. Mashini ilisoma, ikasimama, ikasoma tena. Mwisho wa CD haukutoka, maana jua lilikuwa limeuharibu. Lakini arusi ilitoka. Tuliona mahema, tukaona wazee wa kambi, na bwana arusi akisimama kushukuru wageni.

Mtoto wa mwisho aliuliza: "Mama, ni nani huyu anasema?" Mama akajibu: "Ni baba yako." Sekretaria yote ikanyamaza. Hata mteja aliyekuja kutoa fotokopi alisahau karatasi zake.

Siku ile ile tulihamisha yote juu ya flashi mbili. Moja ilibaki na mama, nyingine akampelekea shemeji yake upande wa Uvira. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: na daftari moja peke yake halitoshi. Sisi watu wa Fizi tunajua kukimbia. Siku ya kukimbia mtu anachukua mtoto, si kabati.

Tufanye nini sasa?

Wazazi, tafuteni CD zenu mwezi huu. Zitoeni kwenye jua na joto, sababu zile za kuandika wenyewe zina rangi ndani, na jua linaila rangi ile. Msiziandike juu kwa kalamu ya ncha kali. Wengi wanafikiri upande unaong'aa ndio wa kuogopa, lakini ngozi ya chuma iko karibu zaidi na upande wenye maandishi. Mkwaruzo wa chini pengine utapona kwa kusuguliwa. Ule wa juu ukifikia ngozi, habari imekwenda.

Vijana, msicheke kompyuta za wazee, tena msiziuze zote kama vyuma. Katika mtaa inatosha kuwa na moja yenye lekteri nzima. Mwenye kompyuta ya kubeba anaweza kutafuta lekteri ya nje, inayoingia kwa waya wa USB. Hiyo haidai turnevisi. Mnaweza kukusanya CD za mtaa siku ya Posho, kuzihamisha, na kumrudishia kila mtu yake. Kazi hiyo haitawatajirisha, lakini itawafundisha ufundi, na majirani watawakumbuka.

Na kila mtu anayeambiwa "imekufa, tupa", aulize kwanza: ni kitu chenyewe kilichokufa, ao ni mlango wake? Kutupa ni kazi ya dakika moja. Yule mtoto angetafuta wapi sauti ya baba yake?