Siku ya 61

Bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu chuoni, lilipigiwa hesabu ya siku 60. Shilingi 5,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo, zidisha mara 60, unapata laki tatu. Ukishasaini karatasi na kupanga foleni benki, ulikuwa tajiri kwa wiki mbili na mtu wa kawaida kwa wiki nne. Zilizobaki, kila mtu na Mungu wake. Kasoro ya hesabu ile ni kwamba hakuna aliyeahidi bumu jingine siku ya 61. Majina yalikuwa hayajafika, au yamefika na lako halimo, au limo lakini limekosewa herufi. Tumbo halisubiri masahihisho.

Nilifika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2009 kusoma sosholojia, nikitokea Singida, ambako mama alikuwa akikamulisha alizeti kwenye mashine ya watu na kuuza mafuta kwa madumu. Mkopo wangu wa Bodi ya Mikopo haukulipa ada yote. Tofauti ililipwa na madumu hayo, kwa hiyo nilijikataza kumpigia mama simu siku ya 61. Akawa anapiga yeye.

“Umekula, mwanangu?”

“Nimekula, mama.”

Alikuwa anajua kwamba namdanganya, nami nilijua kwamba anajua. Tukaendelea na habari za mvua.

Mwaka wa kwanza dawa ilikuwa moja: pasi ndefu. Kwa asiyeyapitia maisha hayo, pasi ndefu ni kunywa chai saa nne, kisha unaupiga mpira mbele kabisa, unaruka mchana mzima, ukauokote saa mbili usiku kwenye wali maharage. Nilikuwa nakaa Mabibo Hostel, na kitanda changu kilikuwa na watu wawili, maana nilimbeba msichana wa Kigoma aliyekosa chumba. Yeye alikuja na jiko la umeme, kitu kilichopigwa marufuku hosteli, tukawa tunachemsha maharage usiku huku taulo likiwa limeziba mwanya wa chini ya mlango. Nauli ya daladala ilikuwa haijafika mia nne, lakini mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, ni chakula. Asubuhi tukawa tunatembea hadi Ubungo, na siku nyingine hadi chuoni kabisa, tukifika kwenye kumbi za mihadhara za Yombo tumelowa jasho kama tumetoka shamba.

Nilikuwa na daftari dogo la matumizi. Bado ninalo. Ukurasa mmoja wa Novemba 2009 unasema: nauli, chai na chapati mbili, kopi ya desa (notisi) la DS, yaani Development Studies, sabuni ya mche nusu. Ukurasa wa Machi 2010 unasema: chai, kopi, sabuni ya mche robo. Nilipoulinganisha ukurasa huo na ule wa Novemba ndipo nilipoelewa kitu ambacho wazee wanaotushauri tubane matumizi huwa hawakisemi. Kubana kuna mwisho wake. Nilikuwa nimekata kila kinachokatika, na siku ya 61 ilikuwa palepale.

Mwaka wa pili nilikwenda kutoa kopi kwenye steshenari moja jirani na hosteli. Mwenye duka, mzee wa Kichaga tuliyemwita Mangi, alikuwa anachapa kwa kidole kimoja ripoti ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyesimama nyuma yake karibu kulia.

“Shikamoo, Mangi. Nikusaidie hiyo?”

“Marahaba. Unajua kuchapa?”

“Najua.”

Sikuwa najua sana. Nilijua zaidi yake, basi. Ripoti ilitoka saa tano usiku, akanipa buku na soda, akaniambia nirudi kesho. Mteja alilipa shilingi 500 kwa ukurasa, mimi nikapata 150. Nilifanya kazi hiyo karibu miaka miwili, jioni na Jumamosi, na majuma ya mwisho wa muhula karibu usiku kucha.

Niliificha. Akitokea mtu wa darasani kwetu, nilikuwa nainama chini ya meza kana kwamba natafuta karatasi. Wenzangu jioni walikuwa kwenye vimbweta, yale madawati ya zege chini ya miti, wakipiga msuli na kubishana habari za Marx. Mimi nilikuwa nachapa habari za Marx za watu wengine, zikiwa na makosa yao, na sikuruhusiwa kuyagusa. Lakini mtu akichapa tafiti 30 za wengine huanza kuona. Huona nani alikwenda kweli kwa wahojiwa na nani alikaa chumbani. Huona sura ya tatu iliyonakiliwa kutoka kwa kaka wa mwaka uliopita, pamoja na jina la wilaya ambayo mwandishi hajawahi kukanyaga. Nilijifunza kutengeneza orodha ya yaliyomo inayojipanga yenyewe. Nilijifunza Excel, na baadaye SPSS, programu ya takwimu, kwa sababu Mangi aliona kuwa kuingiza data kunalipa kuliko kuchapa.

Katikati ya 2011 nikatafuta nafasi ya field, yale mafunzo kwa vitendo ambayo kila mtu alisema ndiyo yatakayotupa ajira. Nikapata ofisi moja mjini, siitaji. Wiki nane. Nilibeba mafaili kutoka ghorofa ya pili kwenda ya nne, nikapiga mihuri, nikaagizwa supu na chapati za wakubwa, nikajua nani hapendi pilipili. Malipo hayakuwepo, nauli ilikuwa yangu, na kwa wiki hizo nane nilikuwa nimemwaga Mangi. Mwisho nikapewa barua nzuri yenye nembo. Mwenzangu aliyekuwa anakaa kwa mjomba wake Upanga, akila nyumbani na kufika ofisini kwa miguu, alipata barua ile ile. Kwake ilikuwa ya bure. Yangu ndiyo karatasi ya bei kubwa kuliko zote nilizonunua chuoni.

Mwaka wa tatu bumu lilipanda hadi 7,500 kwa siku, baada ya kelele nyingi za wanafunzi. Na ndio mwaka ambao kaka mmoja wa shahada ya uzamili alileta madodoso yake kwa Mangi yaingizwe kwenye kompyuta. Alikuwa amewalipa vijana wanne wayajaze Manzese. Nilipofika kwenye fungu la kijana wa tatu mkono ukasita.

Kwanza yalikuwa masafi. Dodoso lililojazwa mlangoni kwa mtu huwa na mikunjo, tone la jasho, jibu lililofutwa mama mwenye nyumba alipokumbuka mtoto wa tano. Haya yalikuwa yameandikwa mezani, kwa kalamu moja. Pili, umri. Watu wetu wengi, wazee hasa, hutaja umri kwa kukadiria, kwa hiyo katika takwimu za kweli utakuta akina 40, 45 na 50 wamejazana, na akina 41 na 47 ni wachache. Wataalamu wa idadi ya watu wanalijua hilo siku nyingi. Kwenye fungu lile umri ulikuwa umetawanyika sawasawa, kama mchele uliomwagwa kwa kupimwa. Data ilikuwa imepikwa, na mpishi alikuwa mtu mwangalifu mno.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Mangi aliniambia niingize tu, mteja anataka namba zake. Kwa upande wa biashara alikuwa na haki. Mwisho nikamwambia yule kaka, naye akanyamaza, akaangalia madodoso moja moja.

“Una uhakika, dada?”

“Nenda kapige hodi mlango wowote kati ya hii.”

Akanituma mimi. Kaya 40, shilingi 2,000 kila kaya. Elfu themanini, zaidi ya siku kumi za bumu jipya. Nilizunguka Manzese Jumamosi nne, kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na barua, kisha mlango kwa mlango. Nilijifunza kutokwenda saa ya kupika. Nilijifunza kutouliza kipato mbele ya mume, na kwamba maji ukipewa unakunywa.

Nilimaliza chuo 2012, na Agosti mwaka huo ikawa Sensa. Nikapata nafasi ya ukarani. Swali letu la kwanza lilikuwa nani alilala katika kaya hiyo usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti. Bibi mmoja hakujua umri wake. Nilimuuliza kama anakumbuka Uhuru, akasema siku hiyo alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Wakati wa Vita vya Kagera alikuwa na watoto watano. Tukakaa nusu saa tunapanga maisha yake kwa matukio ya nchi hadi tukapata mwaka, na hakuna darasa la sosholojia lililowahi kunipa nusu saa kama ile.

Kisha matangazo ya kazi: uzoefu usiopungua miaka mitatu. CV yangu ya kwanza ilikuwa na shahada, barua yenye nembo, na Sensa. Steshenari haikuwemo. Kwenye usaili mmoja mama aliyekuwa katikati ya meza aliniuliza SPSS nilijifunzia wapi. Nikasema kwenye semina.

“Semina ya nani?”

Sikuwa na jibu. Alinitazama kwa huruma, akafungua faili la anayefuata. Jioni ile nikaandika CV upya na kuweka duka la Mangi juu ya barua yenye nembo: kuchapa tafiti, kuingiza data, kukagua madodoso, miezi 20. Usaili uliofuata nilieleza habari za Manzese kuliko habari za shahada. Nikapata kazi ya muda ya udadisi, na toka hapo sijatoka kwenye kazi hii.

Bodi nayo haikunisahau. Mwanzoni ilikuwa asilimia 8 ya mshahara. Sheria ikabadilishwa, na mapema 2017 hati ya mshahara ikaonyesha 15. Nililalamika kama kila mtu, nikalipa, na mwaka 2021 deni likaisha.

Sasa nasimamia wadadisi, na wengi wao ni wanafunzi. Karatasi zimekwisha. Wanabeba vishikwambi vinavyorekodi mahali na saa ya kila hojaji, na kupika data kumekuwa kugumu, ingawa wapishi hawakosekani. Bumu lilifika 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, ila wali maharage nao haukusubiri nyuma. Wanachoacha kuficha ndicho kinachonishangaza. Kijana anaandika kwenye CV yake kwamba ni wakala wa fedha kwa simu Changanyikeni, binti anaandika kuwa anauza mitumba, wala hawainami chini ya meza. Hao nawaita kwanza. Aliyefunga hesabu za uwakala kila usiku bila kupungukiwa, simfundishi tena kwamba namba ni namba.

Lakini kwenye mafunzo ya wadadisi siku ya kwanza bado namwona yule wa siku ya 61. Anafika mapema kuliko wote, viatu vina vumbi, na chai ikiletwa anachukua andazi la pili bila kutazama mtu. Kwa hiyo posho ya siku zote tatu za mafunzo, nauli na chakula, nailipa asubuhi ya siku ya kwanza, kabla ya somo lolote. Mhasibu wetu analalamika kila mara kwamba wapo watakaochukua na kutorudi. Wapo. Katika kundi la mwisho la watu 26, asiyerudi alikuwa mmoja tu.