Wingwi: Baiskeli na Kalenda ya Upepo

Ukitaka kuijua Wingwi, huko Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, kabla ya kuuliza njia uliza upepo unavuma kutoka wapi. Katika nchi za Ulaya mpanda baiskeli huhesabu misimu yake kwa baridi na theluji. Pemba haina baridi ya kumfungia mtu ndani. Huko pepo na mvua ndizo zitawalazo safari.

Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi. Jua huwa kali na vumbi jingi, lakini mchuuzi wa Wingwi hupata msaada. Miji ya Wete na Chake Chake iko kusini kwake. Hivyo anapokwenda na pakacha la samaki au gunia la muhogo, upepo humsukuma mgongoni. Jioni hurudi akishindana nao, ila baiskeli ni tupu.

Masika yaingiapo, kati ya Machi na Mei, mambo hugeuka. Mabonde ya mpunga hujaa maji, na udongo wa njia za ndani hunata katika magurudumu hata mtu akashuka na kuibeba baiskeli iliyokuwa ikimbeba yeye. Hapo ndipo nyumba yenye baiskeli moja hupimwa: iwahishe samaki sokoni kabla hawajaharibika, au impeleke kwanza mtoto mwenye homa kituo cha afya? Lami haifiki katika kila mlango.

Kisha huja kipupwe na upepo wa kusi, Juni hadi Septemba. Hewa hupoa, na mgeni hufurahi kuendesha kutwa nzima. Lakini mgeni hana mzigo. Mchuuzi sasa huenda na shehena huku upepo ukimpiga kifuani, akarudi mtupu akisukumwa. Na katika mwaka ambao mikarafuu imezaa vyema, utapita kando ya majamvi ya karafuu zilizoanikwa. Punguza mwendo, msomaji. Jasho la watu limetandazwa pale. Mvua za vuli, toka Oktoba hadi Desemba, kwa kawaida huwa nyepesi kuliko za masika.

Basi, ukienda kutembea, chagua kipupwe, na usisahau pampu na viraka, kwani upande wa Micheweni ardhi ni ya mawe ya matumbawe yatoboayo mipira.

Nanyi wenye baiskeli nyumbani, kazeni breki na kutia mafuta mnyororo kabla mvua hazijaanza. Msimpakie mtoto kwenye keria mnapoteremka mlima wenye udongo mbichi, mteremsheni atembee. Baiskeli ya Wingwi ni miguu ya nyumba nzima, na nyumba haiwezi kukaa bila miguu masika yote.