Njia ya Guku ya Kwenda Kageye

Mwaka 1966, mwezi wa saba, pamba ilipokwisha kupimwa na watu kulipwa, babu yangu aliniamsha jogoo la kwanza tukashika njia ya Kageye. Nilikuwa na miaka 11. Kwetu babu ni guku, na hapa sitamwita vinginevyo. Dada yake aliolewa Kageye na alikuwa akiugua miguu. Guku alitaka akamwone, ampe sehemu ya fedha za pamba na kibuyu cha samli. Mimi nilibebeshwa michembe ya njiani, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa.

Nyumbani kwetu kulikuwa nyuma ya Kayenze, katika sehemu ambayo leo ni Manispaa ya Ilemela. Nchi ile haina milima mirefu. Ni vilima vya mviringo vyenye mawe makubwa vichwani, jiwe juu ya jiwe, na kati ya kilima na kilima kuna bonde. Ukipanda unaliona Ziwa Victoria, ukishuka linapotea. Njia iliendelea hivyo, ziwa likiwa mkono wa kushoto na Ukerewe ikionekana ng'ambo ya Ghuba ya Speke.

Lakini tulipoondoka hatukuona chochote, maana kulikuwa bado giza, na guku hakubeba taa. Aliniuliza, "Unakanyaga nini?"

"Mchanga, guku."

"Mchanga upi?"

Sikujua kwamba kuna swali kama hilo. Alinisimamisha nisikilize kwa nyayo. Mchanga wa chengachenga, unaochoma kidogo, ni isanga, nao hukaa karibu na mawe ya kilima. Ule laini unaozama ni luseni, wa mihogo na karanga. Ukishuka zaidi unafika kwenye itogolo, ardhi ngumu kama sakafu iliyopigwa, ya kulishia ng'ombe. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama, na wakati wa mvua hukushika usitoke. "Ukijua unachokanyaga," aliniambia, "unajua ulipo." Mpaka kunapambazuka nilikuwa nimekwisha kukosea mara nyingi, na kila nilipokosea tulirudi hatua kadhaa nikanyage upya. Sijawahi kufundishwa na mwalimu mvumilivu kama yule, nami baadaye nilifanya kazi ya ualimu miaka 34.

Kulipokucha zikaja salamu. Njia ilipita katikati ya miji ya watu, kati ya ua wa minyaa huku na ua wa minyaa kule, nafasi ya kutosha ng'ombe wawili kupishana. Hapakuwa na mlango usioitikia. "Mwangaluka!" "Mwangaluka, mhola?" Kisha maswali: mnatoka wapi, mnakwenda kwa nani, mtoto huyu wa nani, mvua za huko zilikuwaje. Guku alijibu yote, kila mji, bila kufupisha. Mimi niliona tunachelewa. Sikujua kwamba kwa majibu yale ndivyo tulivyopewa ruhusa ya kupita mashambani mwa watu.

Juu ya kilima cha tatu kulikuwa na jiwe pana lenye mifereji iliyochimbika kwa kunolewa visu na majembe, vizazi na vizazi. Jina lake kwa Kisukuma lilimaanisha mahali pa kunolea. Kila mpita njia alitua mzigo hapo. Tulikula michembe, guku akanoa kisu chake ijapokuwa kilikuwa kikali, akanipa na mimi ninoe. Kutoka pale, kati ya mawe mawili yaliyoegemeana, ndipo unapoliona ziwa lote.

Tulifika Kageye jua likiwa utosini. Siku ya pili, wagonjwa na wazima wakiisha kusalimiwa, guku alinipeleka kwenye makaburi ya Wazungu. Sikujua historia yake wakati huo. Nilikuja kuisoma baadaye. Mvumbuzi wa Kizungu, Henry Morton Stanley, alifika Kageye tarehe 27 Februari 1875, akitokea Bagamoyo. Mtemi wa pale aliitwa Kaduma. Wapagazi walikuwa wamebeba mashua yake, Lady Alice, ikiwa vipande vipande, safari nzima kutoka pwani. Tarehe 8 Machi ikaelea majini, naye akalizunguka ziwa kwa siku 57. Aliporudi alikuta Frederick Barker, mmoja wa Waingereza aliowaacha kambini, amekwisha kufa na kuzikwa.

Guku hakuijua miaka hiyo. Alivua kofia, akasimama kwanza kimya. Kisha akanyosha kidole upande wa kusini, ambako njia nyingine ilishuka kutoka vilimani. "Waliobeba mashua walitokea pale," alisema. "Mabegani." Akaniuliza kama ninajua walikanyaga nini. Nikatazama, nikamjibu: isanga, kisha luseni, kisha mbuga. Akacheka kwa furaha. Ndiyo mara pekee niliyopata jibu lote bila kusahihishwa.

Mwaka 1974 tulihamishwa. Operesheni ya vijiji ilipofika kwetu, kila kaya ilipewa mahali kwenye mstari, karibu na barabara, na miji ya zamani ikawa matongo. Shule na zahanati vilisogea karibu nasi, na hilo nalikumbuka kwa shukrani. Lakini njia ya Kageye ilikuwa imefumwa kwa milango ya watu, na sasa milango haikuwapo. Msimu mmoja wa mvua ulitosha nyasi kuifunika. Guku, wakati huo mzee sana, alikwenda kila asubuhi kwenye itongo lake na kutembea kipande kile kinachoanzia kwetu hadi bonde la kwanza, akirudi kabla ya chakula. Tulidhani anatafuta kitu alichokiacha. Alifariki mwaka 1976.

Miaka ya 1980 nilikisoma kitabu cha John Hanning Speke, mvumbuzi Mwingereza ambaye ghuba yetu ina jina lake. Tarehe 3 Agosti 1858 alipanda kilima, na kutoka juu akaliona ziwa. Wengi wa Mwanza hukitaja kilima hicho kuwa ni cha Isamilo. Yeye aliandika kwamba hakina jina la wenyeji, kwa hiyo atakiita Somerset. Niliumia. Kilima chenye watu chini yake, wanaokata kuni na kulisha mbuzi, kinakosaje jina? Alimuuliza nani?

Mwaka 1987 nilipelekwa Uingereza kwa kozi ya miezi mitatu, na mwisho wa juma moja nikapanda treni, kisha basi, mpaka kijiji cha Dowlish Wake huko Somerset. Speke amezikwa pale, katika kanisa la St Andrew. Kijiji ni kidogo, nyumba zake za mawe ya rangi ya asali, na kuna kijito chenye daraja jembamba la kale walilopita farasi wa mizigo. Baada ya kusimama kaburini nilishika njia ya miguu iliyopanda nyuma ya nyumba. Vilima vya mviringo. Ua wa miti kila upande wa shamba. Ukipanda unaona mbali, ukishuka panapotea. Hasira yangu ilipungua pale. Kijana wa miaka 31, mbali na kwao, aliona kilima akakumbuka nyumbani. Bado alikosea, lakini nilimwelewa.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba njia ilipita katikati ya shamba la mtu, na kwenye uzio aliweka ngazi ya mbao ili wapita njia wavuke. Mwenyeji mmoja alinieleza kwamba sheria ya mwaka 1949 ilizitaka halmashauri kuzichora ramani njia za miguu za umma, na kwamba ushahidi wa wazee kuwa njia imetumika miaka 20 bila kuzuiwa huhesabika. Nilimwomba arudie. Ushahidi wa wazee.

Sasa nina miaka zaidi ya 70, na kwetu viwanja vinapimwa, mawe ya mipaka yamesimikwa, kuta zinapanda. Sina ugomvi na mtu anayejenga nyumba. Ila naandika kama shahidi, kwa atakayechora ramani. Ukitoka itongo la guku unashuka kwenye luseni mpaka mbuga, unavuka pale inapobanwa na mawe, unapanda itogolo, unapita matongo manne ambayo minyaa yake bado ipo. Bonde la pili lina kisima cha kina mama. Kilima cha tatu, ukianza kukanyaga isanga, kunja kulia. Jiwe la kunolea liko palepale, mifereji yake ipo, lakini limo ndani ya ua wa mtu. Nilikwenda na mjukuu wangu mwaka juzi. Kuna geti la bluu. Tulibisha, mama mwenye nyumba akafungua, akatuamkia na kutuuliza tunatoka wapi, tunakwenda kwa nani, na mtoto huyu ni wa nani.