Motere inapokataa kuwaka ufukoni



Mgeni akifika Kalemie huonyeshwa kwanza gare, bandari, na Lukuga, ule mto mmoja tu unaotoa maji ya Tanganyika na kuyapeleka mpaka Lualaba. Mimi humpeleka ufukoni asubuhi na mapema, saa mitumbwi ya motere inapopakia kwenda Moba. Kuna mifuko ya unga, magunia ya ndagala, mabidoni ya mawese, kuku waliofungwa miguu, na wamama wenye watoto mgongoni. Na mara nyingi kuna kijana amesimama nyuma ya mtumbwi anavuta kamba, anavuta tena, motere inakohoa na kunyamaza.

Tumezoea kungoja tu, tukisema hayo ni mambo ya wanaume. Lakini feza ya safari ni yetu, na watoto ni wetu. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na kule kwenye shimo lake kubwa kina kinafika karibu metre 1,470. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu. Motere ikizimika hapo katikati, mtumbwi unageuka ubavu kwa mawimbi na kuanza kuingiza maji. Motere ikikataa ukiwa bado mchangani, umepata bahati.

Darasani nawaambia wanafunzi hivi: motere ya esansi inaomba vitu vitatu, yaani esansi safi, hewa, na cheche ya moto. Kimoja kikikosekana, hata uvute kamba mpaka jioni haiwaki. Fundi mzuri anatafuta ni kipi kinakosekana. Fundi mubaya anavuta kamba kwa nguvu zaidi.

Kwanza aangalie yale madogo, maana ndiyo yanayosahauliwa. Je, gia iko katikati? Ile kamba ndogo ya usalama inayozima motere dereva akianguka, iko mahali pake? Kifuniko cha tangi kina kiskurubu cha kuingiza hewa: kikifungwa, esansi haishuki vizuri, na motere inaweza kuwaka kidogo halafu ikafa. Katikati ya mpira wa esansi kuna kibofu cha kuminya kwa mkono. Ukiminya mara kadhaa kinapaswa kuwa kigumu. Kikibaki laini, ama tangi ni tupu, ama mpira umepasuka na unavuta hewa.

Halafu esansi yenyewe. Hapa kwetu inauzwa kwa chupa na bidoni kando ya njia, na maji yanaingia humo kwa njia nyingi. Mimina kidogo ndani ya chupa nyeupe ya plastiki na uiache itulie: maji ni mazito, yatakaa chini na mstari utauona kwa macho. Esansi iliyokaa miezi mingi ndani ya motere nayo inaacha utomvu unaoziba vitundu vya kabureta, na hapo hakuna dawa ila kuifungua na kuisafisha. Motere nyingi za hapa zinachanganyiwa mafuta ndani ya esansi. Kipimo kinachotumika sana ni lita 1 ya mafuta kwa lita 50, lakini kinachotawala ni kitabu cha motere ile. Anayepunguza mafuta ili apate faida anaiua motere polepole.

Mwisho buji. Ikifunguliwa ikiwa kavu kabisa, esansi haifiki. Ikiwa imelowa, esansi imezidi au cheche haipo. Fundi ataikausha, aipige msasa kidogo, kisha aijaribu kwa kuigusisha kwenye chuma cha motere na kuvuta kamba, aone kama inatoa cheche ya buluu. Jaribio hilo lifanyike mbali na esansi iliyomwagika, na watoto wasogezwe.

Ikiwaka, bado hatujamaliza. Pembeni ya motere lazima utoke uzi wa maji. Watoto wangu wanasema motere inakojoa. Ndiyo maji yanayoipoza. Hapa mdomoni mwa Lukuga kuna mchanga mwingi, na mchanga unakula ile pampu ndogo ya mpira. Maji yasipotoka, izimwe mara moja.

Kuna watu wanaosema motere ya zamani ni takataka tu. Nawakumbusha Liemba, meli ya jirani zetu wa Kigoma. Wajerumani waliiunda kwao Papenburg mwaka 1913, wakaileta kwa vipande na kuiunganisha Kigoma, ikiitwa Graf von Goetzen. Julai 1916, walipokuwa wanakimbia, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi walipaka mashine grisi nzito kabla ya kuizamisha. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini na mashine zake. Mwaka 1997 ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikirudisha nyumbani wakimbizi wetu zaidi ya 75,000. Grisi iliokoa mashine chini ya maji! Huku ufukoni nimeona motere ya miaka mitatu imeoza kwa sababu hakuna aliyeifunika mvua.

Katika safari moja ya Moba tulikuwa tumekwisha kuambiwa tupande, motere bado haijawaka. Mama mmoja mwenye mapacha alikataa. Alisema kwa upole, «Baba, washa kwanza, nione maji yakitoka, ndipo nipande.» Wengine wakacheka, halafu mmoja mmoja wakasimama nyuma yake. Ilichukua saa nzima kubadilisha buji na kumwaga esansi yenye maji. Tuliondoka tumechelewa, na hakuna aliyelalamika.

Kwa vikundi vinavyochanga likelemba ili kununua motere ya mkono wa pili: msilipe kwa picha ya simu, wala kwa motere iliyokwisha kupashwa moto mkiwa njiani kuja. Gusa chuma, kiwe baridi. Iwashwe mbele yenu ndani ya pipa la maji, izunguke dakika kumi, izimwe, iwashwe tena. Muuzaji akisema pipa hana, pipa mnaweza kuazima.