Laptopu Kuukuu ya Bi Harusi



Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na msimu wa harusi ndio msimu wa vipya: kitanda kipya, vyombo vipya, kanga mpya, simu mpya. Mdogo wetu anaolewa Mfunguo Mosi, in shaa Allah, na atahamia Wete. Tulimwambia achague laptopu mpya, tutachanga. Akasema hataki. Anataka ile nyeusi ya nyumbani.

Ile nyeusi ni ThinkPad T420, toleo la mwaka 2011. Ilifika Unguja ikiwa imeshatumika, pamoja na mitumba ya Dubai. Marehemu mama, Allah amrehemu, aliinunua kwa pesa za mchezo alipopokea zamu yake. Aliandikia oda za keki na mikate ya kumimina, kwa vidole viwili tu, mpaka herufi A ikafutika. Ina uzito unaopita kilo mbili na ukiibeba mkononi bega linajua. Juu ya kioo ina kitaa kidogo kinachomulika kibodi, na usiku umeme ukikatika mama alikuwa akiendelea na hesabu zake kama hakuna kilichotokea.

Tulidhani mapenzi haya ni yetu peke yetu, kumbe yana watu dunia nzima. ThinkPad za mwanzo zilitolewa na IBM mwaka 1992. Msanifu wake, Mjerumani Richard Sapper, alichukua wazo kwenye sanduku jeusi la chakula la Kijapani: nje limetulia, ukilifungua ndio unaona yaliyomo. Mwaka 1995 ikatoka moja ambayo kibodi yake hutanuka kama mbawa za kipepeo ukiinua kioo, na leo imehifadhiwa kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York. Mwaka 2005 biashara hiyo ikahamia Lenovo. Kibodi ya zamani yenye safu saba ilipobadilishwa mwaka 2012, wenye nazo walilalamika sana, hata mwaka 2017, kwa kutimiza miaka 25, kampuni ikatoa toleo maalumu lenye kibodi ya mtindo ule ule. Watu walikuwa wakidai vitufe tu, jamani!

Siri ya mapenzi hayo ni kwamba mashine hizi zinakubali kutunzwa. Betri ya T420 inachomoka kwa mkono. Kibodi ikifa unaweka nyengine. Memori unaongeza. Baadhi ya laptopu za leo betri imegandishwa kwa gundi na memori imechomelewa humo humo, kikifa kimoja unaambiwa nunua nyengine. Yetu imeshabadilishwa betri mara mbili, na feni mara moja.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wanawake khasa. Diski yake inatoka kwa kufungua parafujo moja. Kila ilipokwenda kwa fundi, mama aliitoa diski kwanza, akaifunga kwenye leso na kuiweka kabatini. Humo mna picha za singo, za hina, za wateja wake wakiwa bila ya mtandio. Alikuwa akisema, "Mashine ni yangu, sitara ni za watu." Wangapi kati yetu tunampa fundi laptopu au simu na picha zote ndani, kisha tunarudi nyumbani kuomba dua zisivuje?

Sasa, mdogo wetu alipoitaka, nyumba iligawanyika. Dada mkubwa hakupenda kabisa. Ndani mna sauti ya mama, aliyojirekodi akimuelekeza mteja vipimo vya mkate wa kumimina. Katikati adhana ya alasiri inaingia, naye ananyamaza mpaka imalizike, kisha anaendelea na vikombe vya mchele pale pale alipoachia. Dada alisema laptopu ikitoka, mama atakuwa ametoka mara ya pili. Mdogo wetu akajibu taratibu, "Mimi mwenyewe natoka, dada. Nitoke mikono mitupu?"

Hakuna aliyesema neno. Wote wawili walikuwa na haki.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe. Tukijikumbusha hilo tunaona kwamba mtu hutengeneza kitu ili kiendelee kutumika. Laptopu iliyofungiwa kabatini kwa mapenzi hufa betri, huingia chumvi ya pwani, ikabaki kuwa kitu cha kulilia. Kwa hivyo tumeamua hivi: tumenunua diski mpya ya SSD, tumenakili kila kitu, na hiyo ndiyo itakayokwenda Wete ndani ya mashine. Diski ya zamani inabaki kwa dada mkubwa, kwenye leso ile ile. Picha za wateja tumezifuta kote, kwa sababu amana ile ilikuwa ya mama, hatukuirithi.

Kwako bi harusi mtarajiwa, kama nawe una kuukuu unayoipenda:

Betri ikivimba, itoe na usiitumie tena. Mapenzi hayazuii moto.

Badilisha diski ya zamani kwa SSD. Kwa laptopu ya umri huu hakuna tiba inayoipa wepesi kuliko hiyo.

Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine kama yetu hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Yetu tumeitia Linux, ni ya bure, na kwa kuandika na kusikiliza mawaidha inatosha.

Na kabla ya kumpa mtu au kuuza, futa diski nzima au itoe ubaki nayo. Sitara yako haina bei.

Kama uwezo upo na unahitaji mpya, nunua kwa furaha, si dhambi. Ila usiingie deni ili wageni waone boksi.

Allah amrehemu mama yetu, aijaalie ndoa ya mdogo wetu mawadda na rahma, na atubarikie vipya vyetu na vikuukuu vyetu. Amin.