Kijiti cha Oili Hakidanganyi

Kijana wangu alinunua Subaru Impreza yenye turbo kwa mkopo wa Sacco, na mdhamini wake ni mimi. Ndiyo sababu kila Jumamosi asubuhi utanikuta nimefungua boneti, mwenye gari angali amelala.

Usingoje taa nyekundu ya oili iwake. Taa hiyo huonya kwamba msukumo wa oili umeshuka, na pengine injini imekwisha kuumia. Turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na oili ndiyo huilainisha na kuipoza.

Egesha gari mahali tambarare, zima injini, ungoje dakika tano hivi oili iteremke. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, kisha ukichomoe tena. Ukiona oili imekaribia alama ya chini, ongeza kidogo kidogo, ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari, huku ukipima. Usipite alama ya juu. Oili ikizidi huweza kufanya povu, na povu halilainishi chuma.

Kijana hunicheka. Na acheke. Mkopo umebakisha miaka miwili, na injini hiyo sharti iumalize.