Nyumba ya Askari
Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari wa Marekani walirejea makwao na kukuta nyumba ni haba. Ndipo ulipojengwa mji wa Levittown, karibu na New York. Mwaka 1949 nyumba moja huko iliuzwa kwa dola 7,990, jokofu na mashine ya kufulia zimo ndani. Askari alilipa kidogo kidogo kila mwezi, kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali.

Lakini askari mweusi, aliyevaa sare ile ile na mwenye fedha zile zile, alikataliwa. Sheria ya nchi nzima ya kukomesha ubaguzi huo ilipitishwa mwaka 1968, watoto wake wakiwa watu wazima. Unafuu wa bei haumfai aliyefungiwa mlango.